Chai ya Baba: Kwa Nini Kambili Hamchukii Eugene?

Swali ambalo wasomaji wa riwaya ya Purple Hibiscus, ya mwandishi Mnigeria Chimamanda Ngozi Adichie, hawaachi kuliuliza, wawe ni wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani au watu wazima waliokisoma kitabu hicho kwa starehe zao, linahusu upendo kuliko linavyohusu ukatili. Kwamba Eugene Achike ni baba mkatili ni jambo lisilo na ubishi, kwa kuwa anamchoma binti yake miguu kwa maji ya moto na baadaye anampiga mateke hadi analazwa hospitalini. Kinachowatatiza wasomaji ni kwamba binti huyo, Kambili, karibu miaka mitatu baada ya baba yake kufariki, bado anatoa nia ya Misa kwa ajili yake kila Jumapili na bado anatamani amwone katika ndoto. Wapo wanaodai kuwa huo ni woga uliozoeleka, wapo wanaouita ujinga, na wapo wanaomlaumu mwandishi kwa kumnyima binti nafasi ya kumkana baba yake hadharani. Sura hii inapendekeza kwamba jibu halimo katika matukio makubwa ya kitabu bali katika kitu kidogo ambacho msomaji mwenye haraka hukipita, nacho ni kikombe cha chai.

Familia na nyumba yake

Riwaya hii, ambayo ilichapishwa mwaka 2003 na ikawa ya kwanza kwa mwandishi wake, inasimuliwa na Kambili mwenyewe, msichana wa miaka 15 anayeishi katika jiji la Enugu, kusini-mashariki mwa Nigeria, pamoja na baba yake Eugene, mama yake Beatrice, na kaka yake Jaja. Usimulizi wa namna hii huitwa usimulizi wa nafsi ya kwanza, maana yake ni kwamba msomaji huona tu kile ambacho mhusika mmoja anakiona na husikia tu kile ambacho mhusika huyo yuko tayari kukisema. Katika kitabu kingine hilo lingekuwa suala la ufundi tu, lakini hapa lina uzito wa pekee, kwa sababu msimulizi ni mtu ambaye nyumbani kwao hasemi karibu neno lolote.

Eugene ni tajiri mwenye viwanda vya vyakula na vinywaji, ni Mkatoliki mwenye msimamo mkali, na kila siku ya watoto wake ameipangia ratiba iliyoandikwa, yenye saa ya kusoma, saa ya kula, saa ya kulala na saa ya sala. Wazo la mtoto kukaa bila shughuli halimo katika ratiba hiyo. Kambili na Jaja wamejifunza kuzungumza kwa macho, kwa sababu macho hayasikiki chumba cha pili, na mama yao amejifunza kutembea taratibu na kupangusa visanamu vya wacheza baleti vilivyopangwa kwenye rafu ya sebuleni kila baada ya kupigwa chumbani.

Nje ya nyumba hiyo, Nigeria ya kitabuni inatawaliwa na wanajeshi walioingia kwa mapinduzi, na gazeti la Standard, ambalo ni mali ya Eugene, ni miongoni mwa sauti chache zinazothubutu kuwakosoa. Mhariri wake, Ade Coker, anauawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, tukio linalomkumbusha msomaji kifo cha kweli cha mwanahabari Dele Giwa, aliyeuawa kwa njia hiyohiyo mjini Lagos mwezi Oktoba 1986. Kwa hiyo mtu anayelipia gharama ya uhuru wa kusema katika taifa ndiye anayeuzima uhuru huo mezani kwake. Mwandishi hauelezi mgongano huu kwa hotuba, bali anauacha ukae pale ulipo, kama mtoto anavyouona bila kuwa na jina la kuuita.

Funda la upendo

Eugene ana desturi moja ambayo watoto wake wanaithamini kuliko zawadi yoyote. Kila anapoletewa chai, huwaita waipige funda moja kabla yake, Jaja akitangulia na Kambili akifuata, na funda hilo huliita funda la upendo, kwa maelezo kwamba mtu hushiriki vitu vyake vidogo na wale anaowapenda. Chai hiyo siku zote ni ya moto mno na huunguza ulimi, lakini Kambili hajali, kwa kuwa ameamini kwamba pale inapounguza ndipo mapenzi ya baba yake yanapompenya.

Wahakiki wa fasihi hutumia neno ishara kwa kitu cha kawaida kinachobeba maana pana zaidi ya matumizi yake ya kila siku, kama vile ufunguo unavyoweza kubeba maana ya mamlaka ndani ya nyumba. Chai ya Eugene ni ishara ya namna hiyo, ila ina sifa moja inayoitofautisha na ishara nyingi: haisimami badala ya kitu kingine kilicho mbali, kwa sababu yenyewe ndiyo jambo lenyewe katika udogo wake. Ndani ya funda moja mna ukarimu wa kweli na maumivu ya kweli, na mtoto anayeyapokea yote mawili kwa wakati mmoja, tangu umri ambao hakuwa na maneno ya kuyatenganisha, hukua akidhani kuwa hayo ni kitu kimoja.

Hapa ndipo swali la wasomaji linapoanza kupata jibu. Wanaouliza kwa nini Kambili hamchukii baba yake huchukulia kwamba binti huyo alipewa vikombe viwili, kimoja cha mapenzi na kingine cha mateso, naye akakosea kwa kukishikilia kimoja na kukisahau cha pili. Riwaya haionyeshi hivyo, kwani kikombe kilikuwa kimoja tangu mwanzo, na Kambili hakuwahi kuonja mapenzi ya baba yasiyounguza ili apate kipimo cha kulinganishia.

Kwa muhtasari, hadi hapa mambo haya yamejitokeza:

- Kambili anasimulia kutoka ndani ya ukimya, kwa hiyo kile asichokisema kina uzito sawa na anachokisema.
- Upendo wa Eugene si wa kuigiza, na huo ndio unaoufanya ukali wake uwe mgumu kukimbiwa.
- Mapenzi na maumivu yanamfikia mtoto kupitia mlango mmoja, yaani kinywa.

Anayeadhibu ndiye anayelia

Waswahili husema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na Eugene angeikubali methali hiyo bila kusita, kwa kuwa anaamini kuwa kila kipigo ni bima dhidi ya msiba mkubwa zaidi, ambao kwake ni moto wa milele. Jaja alipokosa maswali mawili katika mtihani wa katekisimu, yaani mafundisho ya msingi ya imani, akiwa na umri wa miaka 10, baba yake alimharibu kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akiwa ameuchagua mkono huo makusudi ili ule wa kuandikia usidhurike. Kambili alipokula nafaka kidogo kabla ya Misa ili ameze dawa ya kutuliza maumivu ya hedhi, jambo lililovunja mfungo unaotangulia komunyo, mkanda wa baba ulimwangukia yeye, kaka yake na mama yao kwa pamoja, na baada ya hapo mpigaji huyohuyo akawauliza watoto kwa nini wanapenda dhambi.

Tukio la maji ya moto ndilo linaloipindua methali. Kambili na Jaja, wakiwa Nsukka kwa shangazi yao Ifeoma, walilala nyumba moja na babu yao mzaa baba, mzee ambaye hakuukubali Ukristo na ambaye kwa sababu hiyo Eugene huwaruhusu wajukuu kumtembelea kwa dakika 15 tu, bila kula wala kunywa kwake. Waliporudi Enugu, Eugene alimwamuru binti yake aingie katika bafu na kummwagia maji ya moto miguuni, na wakati akiyamwaga alikuwa akilia. Eugene hakuchelea kilio cha mwana, na bado akalia yeye. Machozi hayo si ya unafiki, na kama yangekuwa ya unafiki riwaya ingekuwa nyepesi na Kambili angekuwa na kazi rahisi ya kumkataa.

Siku chache baadaye Eugene anamsimulia bintiye kisa cha ujana wake mwenyewe, alipokuwa akiishi na padre mmoja wa kizungu ili apate kusoma, na padre huyo akamkuta akitenda dhambi dhidi ya mwili wake, akamwambia achemshe maji ya chai, kisha akayamimina katika bakuli na kumtumbukizia mikono humo. Eugene anakisimulia kisa hicho kwa shukrani, kama mtu anayeeleza jinsi alivyookolewa. Msomaji anayesoma kwa makini hawezi kupita bila kuona kwamba maji hayo yaliagizwa kwa jina la chai, na kwamba Eugene naye, kabla hajawa baba, alikuwa mtoto aliyefundishwa kuwa anayekupenda ndiye anayekuunguza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hii, ambayo kwa kawaida wazee huielekeza kwa watoto, hapa inamwelekea baba.

Maelezo haya hayamwondolei Eugene hatia, kwa sababu dada yake Ifeoma, ambaye ni mhadhiri wa chuo kikuu, alizaliwa katika familia ileile, ni Mkatoliki kama yeye, na amelea watoto wanaocheka na kubishana mezani. Kueleza chanzo cha jambo si kulihalalisha, na riwaya inaitunza tofauti hiyo kwa kuwaweka ndugu hao wawili katika kurasa zilezile.

Baba anayeshukuriwa na mji mzima

Wasomaji wa Kiswahili wamekwisha kukutana na baba mkali katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971, ambamo Zakaria, mkazi wa kisiwa cha Ukerewe, anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Riwaya hizo mbili zinakubaliana kwamba hofu haimlindi binti, kwa kuwa Rosa, baada ya kuwa mbali na macho ya baba, hana silaha yoyote ya ndani ya kumsaidia kuchagua. Hata hivyo Zakaria ni mlevi ambaye jirani yeyote anaweza kumlaumu, na lawama ya jirani ni msaada mkubwa kwa mtoto, kwa sababu inamthibitishia kuwa anachokiona si ndoto.

Kambili hana msaada huo. Katika kijiji chao cha Abba baba yake amepewa jina la heshima la Omelora, ambalo kwa Kiigbo humaanisha mtu anayeitendea jamii mema, naye analistahili, kwani anasomesha watoto wa watu wengine, anazisaidia hospitali na anawalisha wanakijiji kila Krismasi. Padre Benedict wa parokia yao humtaja kwenye mahubiri kama mfano wa kuigwa, na shirika la kimataifa la haki za binadamu katika riwaya linampa tuzo. Binti anayeumizwa na mtu wa namna hiyo hana wa kumwambia, na hata akimpata atajikuta akisema jambo linalopingana na ushahidi wa mji mzima, ukiwamo ushahidi wa moyo wake mwenyewe, kwa maana yeye pia huona fahari kuitwa binti wa Eugene.

Swali lingine linalojitokeza mara kwa mara ni kama Eugene alichorwa kwa mfano wa baba wa mwandishi. Adichie, aliyezaliwa Enugu mwaka 1977, alilelewa katika mji wa chuo kikuu wa Nsukka, ambako baba yake, James Nwoye Adichie, alikuwa profesa wa takwimu, na baba huyo alipofariki mwaka 2020 mwandishi alimwombolezea kwa kitabu kifupi kiitwacho Notes on Grief, kilichojaa mapenzi ya binti kwa baba mpole. Kilichochukuliwa kutoka katika maisha ya mwandishi ni mahali zaidi kuliko mtu, na mahali penyewe ni Nsukka, ambako Kambili anakwenda kujifunza kusema.

Ulimi unaorudi

Ikiwa chai ndiyo inayouunguza ulimi, basi hatua za Kambili za kujitoa katika kivuli cha baba yake zinaweza kufuatwa kwa kuutazama ulimi huohuo, na kitabu kinazipanga kwa uangalifu:

1. Shuleni, Kambili anapotakiwa kuongoza kiapo cha wanafunzi, maneno humkwama kooni, na wenzake humdhania ana maringo, kumbe hukimbilia garini kila kengele ya mwisho inapolia kwa sababu dereva ameagizwa kuhesabu dakika zake.
2. Anapofika Nsukka mara ya kwanza huongea kwa kunong'ona, na mezani anawashangaa binamu zake wanaosema bila kungoja ruhusa na kucheka chakula kikiwa bado mdomoni.
3. Binamu yake Amaka anapomdhihaki kwa kutojua kuandaa mboga, shangazi Ifeoma anamgombeza Kambili badala ya Amaka, akimtaka aseme kama ana kinywa, na Kambili kwa mara ya kwanza anajibu, akimwomba Amaka aache kelele amwelekeze tu namna ya kufanya.
4. Akiwa pamoja na Padre Amadi, padre kijana ambaye anampeleka uwanjani kukimbia na kucheza, Kambili anacheka kwa sauti, na kicheko hicho kinamshangaza yeye mwenyewe.

Baada ya hatua hizo ndipo linapokuja tukio la picha. Amaka alikuwa amemchora babu yao, akampa Kambili mchoro huo, na Eugene anapoukuta mikononi mwa watoto wake anauchanachana. Kambili anajitupa sakafuni na kuvifunika vipande hivyo kwa mwili wake, na ingawa baba anamwamuru ainuke, hainuki, hata mateke yanapogeuka kuwa kipigo kitakachomfikisha hospitalini, ambako padre anaitwa kumpa mpako wa wagonjwa, sakramenti inayotolewa kwa mtu aliye katika hatari ya kufa. Katika tukio zima Kambili hasemi neno, lakini ukimya huo si ule wa mezani, kwa sababu ule wa mezani ulikuwa wa kutii na huu ni wa kukataa.

Inafaa kuutofautisha ukaidi huo na wa kaka yake. Jaja, katika Jumapili ya Matawi inayofungua kitabu, anakataa kupokea komunyo mbele ya waumini, na baba yake anamrushia misale, kitabu kizito cha sala, ambacho kinamkosa na kuvivunja visanamu vya mama. Jaja aliinywa chai ileile, tena akitangulia, lakini yeye anajitoa kwa kumpa baba mgongo, ilhali Kambili anajitoa kwa kukumbatia kitu ambacho baba amekiharibu. Mmoja anaondoka kwa hasira na mwingine anaondoka huku bado anapenda, na mwandishi hawapangi wawili hawa kwa ngazi za ushujaa.

Kwa nini katika chai?

Mwisho wa Eugene unakuja ghafla, anapokutwa amekufa kwenye meza yake ya kazi kiwandani, na uchunguzi wa mwili unaonyesha kuwa alipewa sumu. Beatrice anawaeleza watoto wake kwa utulivu wa kutisha kwamba ni yeye aliyekuwa akiitia, kidogo kidogo, katika chai ya mumewe. Kambili, ambaye kwa karibu kitabu kizima amesikika akinong'ona, anasimama na kumwuliza mama yake, kwa sauti inayokaribia ukelele, kwa nini aliitia katika chai.

Msomaji asiyeifuatilia chai tangu mwanzo ataliona swali hilo kuwa la ajabu, kwa kuwa binti aliyefiwa angetarajiwa kuuliza kwa nini baba ameuawa, wala si kwa nini alitiliwa sumu katika kinywaji fulani na si kingine. Anayeifuatilia ataelewa kuwa hilo ndilo swali pekee ambalo Kambili angeweza kuuliza. Sauti aliyoipata Nsukka, kwa jasho la uwanjani na kejeli za Amaka, anaitumia kwa nguvu zake zote kwa mara ya kwanza, na haitumii kumshtaki Eugene wala kumtetea, bali kuulizia kile kikombe kimoja ambamo mapenzi ya baba yake yalikaa. Mama hamjibu.

Jaja anawaambia polisi kuwa mwuaji ni yeye, anafungwa, na sehemu ya mwisho ya kitabu inamkuta karibu na kuachiliwa, huku mama yao akiwa amedhoofika mwili na akili. Kambili sasa ni mwanamke kijana anayeweza kusema na askari magereza na anayepanga safari za kwenda Nsukka, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kuwa bado ni yule mtoto wa kunong'ona. Lakini kuna jambo moja ambalo hajamwambia Jaja, aliyekaa gerezani kwa ajili ya kifo hicho, wala hajalitaja mbele ya mama aliyekisababisha, nalo ni kwamba kila Jumapili anamtolea baba yake nia ya Misa. Amelisimulia kwa msomaji peke yake, na kwa sauti ya chini.